Mafuta ya Ziwa Albert: mkaguzi na muuzaji wasiwe nyumba moja

Wakuu salama? Kuna jamaa anadai sisi tunaouliza usalama wa mafuta kule Bunyoro, Uganda, tunapiga kelele bure, eti mradi wa mafuta wa Kingfisher hauna mtambo hata mmoja ndani ya maji. Ni kweli, rigi (mtambo wa kuchimba) iko nchi kavu pale Buhuka, ufukweni mwa ziwa, halafu kisima kinapinda kwenda chini ya ziwa. Lakini si uende uone pale, nyuma mlima umesimama kama ukuta, mbele maji, katikati kipande cha tambarare na watu wanaanika samaki, sasa mafuta yakimwagika hapo yataenda wapi, yatapanda mlima? Na ziwa lenyewe si letu peke yetu, ng'ambo ni Kongo, na maji yake yanatoka na Nile mpaka Sudan Kusini.

Mimi rigi haininyimi usingizi, ni mkaguzi. Marekani 2010, rigi ya baharini ya Deepwater Horizon ililipuka, watu 11 wakafa, mtambo wa kuziba kisima ukagoma, mafuta yakavuja siku 87. Na ofisi iliyokuwa inakagua usalama ndio hiyo hiyo ilikuwa inagawa vitalu (maeneo ya kuchimba) na kukusanya pesa ya mafuta!! Wakaivunja, 2011 usalama ukapewa ofisi yake. Norway walishatenganisha tangu 2004 na kampuni hazikukimbia, kwa hiyo ile ya "mtafukuza wawekezaji" naomba tuiweke pembeni.

Najua mtaniambia tuna PAU (mamlaka ya mafuta) ya kusimamia, NEMA (mamlaka ya mazingira) ya mazingira, UNOC (kampuni ya mafuta ya taifa) ya biashara. Sawa, kwenye karatasi tuko vizuri, siwezi kubisha. Ila serikali kupitia UNOC ina asilimia 15 ya hisa Kingfisher na 15 nyingine kwenye mradi mwenzake wa Tilenga, na wote hao watatu bosi wao ni serikali hiyo hiyo inayongoja hela, wee unategemea nini?

Ninachotaka ni kidogo tu. Kila ripoti ya ukaguzi ibandikwe pale mialoni na kwenye ofisi ya gombolola (kata), kwa Runyoro, Alur na Kiswahili, si faili la kurasa mia tano kwa Kizungu huko Kampala. Na NEMA iwe na neno la mwisho kwenye kufunga kisima.

Anayepinga anijibu hili: saa nane usiku presha ya kisima imepanda vibaya, mkaguzi aliye zamu ataamuru kifungwe hapo hapo, ama atasubiri kwanza simu kutoka juu?