Kikao cha Zoom saa nane mchana kinanishinda, wenzangu mnafanyaje?

KijanaWaZiwani: Habari zenu wakuu, naombeni uzoefu wenu. Niko Mwanza, nafanya kazi kwenye mradi wa maji, wenzangu wengine wapo Dodoma na mabosi wapo London. Kikao cha timu ni kila jumatatu saa nane mchana, kwao bado saa tano asubuhi wako freshi, mimi ndo nimetoka kula, chumba kina joto na watu 14 wanasoma ripoti mmoja baada ya mwingine. Dakika kumi za mwanzo nasikiliza vizuri, baada ya hapo nashika simu naingia WhatsApp, nikirudi sijui tena wamefika wapi. Wiki iliyopita bosi kaniita jina, kauliza kuhusu visima vya kata zangu, visima ambavyo nimevizungukia mwenyewe kwa pikipiki na kila kimoja nakijua, lakini swali sikulisikia nikabaki kimya. Imeniuma sana maana kazi naipenda. Mnafanyaje?

MamaWawili: Pole sana mdogo wangu, hiyo hali naijua. Mimi kilichonisaidia ni kaunta buku na kalamu, usiandike kwenye kompyuta maana humohumo utafungua na mengine. Nachora mstari katikati ya ukurasa, kushoto naandika nani kasema nini, kulia yanayonihusu mimi, yaani swali nitakalouliza au kazi niliyopewa. Simu naiacha chumba kingine kwenye chaji. Na ukiweza jitolee kuandika muhtasari wa kikao, watu wanaikimbia hiyo kazi lakini ukiishika huwezi kupotea, kuna watu wanausubiri. Halafu jumatatu kula kidogo, ugali ule baada ya kikao.

Mzee_wa_Bando: Naongezea mkuu, ule uchovu upo kweli usijione mvivu. Mwaka 2021 profesa Jeremy Bailenson wa chuo kikuu cha Stanford aliandika makala kuhusu uchovu wa vikao vya video akataja sababu nne: macho ya watu kukukazia kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe kwenye skrini, kukaa sehemu moja bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara ambazo mkiwa ana kwa ana zinakuja zenyewe. Hiyo ya kujiona mimi ndo ilikuwa inanimaliza, nusu ya kikao naangalia kola yangu. Zoom inakuruhusu kuificha picha yako usijione na wenzio wakaendelea kukuona kama kawaida. Na zamu yako ikiwa bado simama, nyoosha miguu, sikiliza kwa hedifoni.

Katibu_Mtendaji: Mimi ndo naendesha vikao ofisini kwetu na nasema wazi, watu 14 kusomeana ripoti ni kosa la mwendeshaji. Sisi tulianza na Zoom ya bure, kikao cha kundi kinakata dakika 40 na mambo yote yalikuwa yanaisha, tulipolipiwa tu vikao vikafika saa na nusu! Siku hizi ripoti zinatumwa ijumaa kwa maandishi, jumatatu tunaongelea yaliyokwama basi. Mwandikie bosi wako kwa heshima umpendekezee hivyo, na mwombe ajenda mapema ujue zamu yako iko wapi. Kingine, jitahidi useme kitu ndani ya dakika tano za mwanzo hata swali dogo, ukishasikika mara moja unabaki ndani ya maongezi.

KijanaWaZiwani: Asanteni sana ndugu zangu. Leo ndo ilikuwa jumatatu, nimekula ndizi mbili tu, simu nimempa dada yangu akae nayo sebuleni, kaunta buku nimejaza kurasa tatu. Mwenzangu wa Dodoma alikuwa anaelezea pampu yao inavyovuta mchanga, na hilo tatizo nimeshakutana nalo huku, nikafungua maiki nikawaambia tulivyoipandisha pampu juu kidogo kutoka chini ya kisima maji yakatulia. Kaomba nimtumie vipimo, ndo naviandika hapa. Barua ya bosi kesho.