Jukwaa la taifa la masomo mtandaoni: tuanze na mwalimu au mwanafunzi?

Wadau, kila likitajwa jukwaa moja la taifa la masomo mtandaoni hapa Tanzania, wanaolipigia debe humtaja mtoto aliyeketi nyumbani na simu janja anajisomea. Mtoto yupi huyo? Shuleni simu ni marufuku, nyumbani simu ni ya mama, na bando halidumu. Shule zilipofungwa kwa sababu ya corona Machi 2020 hadi mwishoni mwa Juni, Serikali yenyewe ilitegemea zaidi redio na televisheni kufundishia.

Msimamo wangu: jukwaa lijengwe, lakini lianze na mwalimu.

Vifaa si vigeni kwake. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kinachokosekana ni somo lililoandaliwa likaandalika: mwalimu mahiri wa fizikia anafundisha mada nzima, jaribio linaonekana, maswali yanafuata, na vyote vinapakuliwa mara moja vikatumika darasani bila intaneti. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unahitaji hilo kuliko wa zamani, maana umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na shule nyingi za kata bado zinahangaika na walimu wa sayansi na hisabati tu, achilia mbali wa ufundi.

Shule yenye umeme iwekewe seva ndogo, yaani kompyuta ya kuhifadhi masomo hayo. Wanafunzi wafungue masomo kwenye kompyuta za shule, kwa zamu, bila kununua hata MB moja. Isiyo na umeme? Hapo sina jibu zaidi ya sola, na sola ina gharama.

Hoja inayonisumbua ni ya wapinzani: kwamba siku video zikiwapo, Hazina itauliza kwa nini iajiri mwalimu wa fizikia. Siipuuzi. Wahitimu wa ualimu wamejaa mtaani wakisubiri ajira, na video haisahihishi daftari wala haimwoni mtoto aliyeacha kuelewa tangu wiki iliyopita. Ndiyo maana nataka mwongozo wa jukwaa uandike wazi kwamba somo la video halihesabiwi kama mwalimu kwenye ikama ya shule, yaani idadi ya walimu inayotakiwa kuwa nayo.

Mnaotaka lianze na mwanafunzi, nielezeni: bando atalipa nani, na hiyo simu ataishikia wapi?