Naomba ushauri: nitajuaje karama yangu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina miaka 6 tangu niokoke na bado sijajua karama yangu (kipawa anachotoa Roho Mtakatifu). Kwaya nilijaribu, mwalimu akanishauri kwa upole nihamie maombi (sauti kweli sina). Kinachonipa furaha ni kwenda kwa wagonjwa: nawafulia, nawapikia uji, nakaa nao tu. Wenzangu wanasema hiyo ni huruma ya kawaida, karama ni unabii na kunena kwa lugha (lugha za rohoni). Mbona Warumi 12:8 inamtaja mwenye kurehemu, tena kwa furaha? Na 1 Wakorintho 12:28 inayataja masaidiano kabla ya lugha! Je, nimwone mchungaji anipe nafasi rasmi, au niendelee kimyakimya? Mliopitia hili, mlitambuaje?