Kumpeleka mzee Testi ya Uingereza kule Afrika Kusini, tukate tiketi za siku gani?

Jakriketi_Kisumu

Wadau habari zenu. Nataka mawazo ya watu wenye wanafuata kriketi ya kimataifa kwa ukaribu, sana sana wenye washawahi kusafiri kuona timu ya ng'ambo ikiwa ziarani, si kuona kwa TV.

Mzee wangu tuko naye hapa Migosi. Ni mtu wa kriketi tangu ujana akifanya kazi Nairobi. Alikuwa uwanja wa Gymkhana hapo Nairobi ile tarehe 24 Februari 2003 Kenya ikiwapiga Sri Lanka kwa mikimbio 53 kwenye Kombe la Dunia, mrushaji wetu Collins Obuya akichukua wiketi tano, yaani kutoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24, na mpaka leo ukimtajia hiyo siku anachukua chungwa ama limau, chochote kiko mezani, anakuonyesha vidole vya Collins vilikuwa vinashika mpira vipi. Lakini Testi, ile mechi ya siku tano kati ya mataifa, hajawahi kuiona kwa macho yake, na hapa kwetu haijawahi kuchezwa Testi ata moja. Ameshapita miaka sabini, goti la kushoto linamsumbua, kichwa kiko sawa kabisa.

Mimi na dada zangu tumeamua kuchanga tumpeleke. Uingereza wanazuru Afrika Kusini mwisho wa 2026 kuingia 2027, kuna Testi ya Boxing Day, 26 Desemba, pale Centurion karibu na Pretoria, na ya Mwaka Mpya Newlands kule Cape Town. Siku zote tano hatutaweza, tunaweza siku mbili uwanjani, tatu tukijikaza sana. Dada yangu mkubwa anasema tuchukue ya nne na ya tano juu hapo ndipo mechi inaamuliwa. Mimi moyo unaniambia siku ya kwanza. Mzee tukimuuliza anasema tu "popote mtanipeleka wanangu nitafurahi", sasa hapo hujasaidika.

Kwa hivyo Centurion ama Newlands, na siku gani? Na ni nini tuanze kupanga mapema? Asanteni.

---

Mwalimu_wa_Section58

Salamu kutoka Nakuru. Dada yako nampinga kwa heshima zote, na nitakupa sababu.

Januari 2024 India walikuwa ziarani Newlands. South wakashinda tosi wakaingia kupiga wao kwanza, wakatolewa wote kwa mikimbio 55, Mohammed Siraj wa India wiketi sita kwa mikimbio 15. Siku hiyo hiyo India wakafika 153 wakiwa na wiketi nne zimeanguka, halafu sita zilizobaki zikaondoka bila mkimbio ata mmoja kuongezwa. Soma tena hapo. Wiketi 23 siku moja. Kesho yake India wakashinda mchezo umekwisha, mipira 642 peke yake, hakuna Testi yenye mshindi imewahi kuwa fupi kuliko hiyo kwa historia yote. Sasa fikiria familia imetoka Kisumu na mzee wa goti, wamelipa ndege na hoteli, wana tiketi za siku ya nne. Wiki moja nyuma hapo Centurion India hao hao walikuwa wamepigwa ndani ya siku tatu.

Na Waingereza ndio wabaya zaidi kwa hii mambo, tangu 2022 wanapiga haraka kama hawana kesho, ziara yao ya Australia mwisho wa 2025 mechi ya Perth iliisha siku mbili na ya Melbourne ikaisha siku mbili. Mbili kwa ziara moja!

Sikatai, siku ya tano ikifika ni tamu hakuna mfano. Januari 2020 Uingereza walikuwa Newlands, South wakashikilia siku nzima kutafuta sare, jioni Ben Stokes wa Uingereza akachukua wiketi tatu za mwisho mechi ikaisha jua likienda. Mwenye alikuwa hapo atasimulia wajukuu. Lakini huwezi kukata tiketi ya ndege ukitumaini hiyo. Siku ya kwanza na ya pili zipo, mvua tu ndio inaweza kukunyima. Chukua hizo mbili, ya tatu mwachie Mungu na mfuko.

Kitu ingine, mzee awe kwa kiti kabla mpira wa kwanza, siku zote mbili. Hapo Newlands Januari 2016 Stokes aliamka siku ya pili akapiga mikimbio 130 kabla ya lanchi, akaishia 258. Watu walikuwa bado wanatafuta paking.

---

Nabongo_Busia

Mulembe wadau. Mi naona mnaruka mbali sana. Huyo mzee ashawahi kupelekwa Kampala? Kutoka Kisumu unapanda basi unavuka hapa kwetu Busia, Mkenya anavuka na kitambulisho tu, Lugogo kuna uwanja mzuri sana. Juni 2022 kulikuwa na mashindano huko, Kenya ikicheza, timu ya kisiwa cha Jersey wapo, Italia, Hong Kong, Bermuda, na wenyeji Uganda. Na Agosti hiyo hiyo ya 2022 Nepal walizuru Kenya wakacheza T20 tano, zile mechi fupi za ova 20, hapo Gymkhana, wakatushinda tatu kwa mbili. Hizo zote ni ziara za timu za ng'ambo na ziko karibu. Tukiacha hizi mechi bila watu halafu tunakimbilia South tutasema nini kuhusu kriketi yetu?

---

Jakriketi_Kisumu

Omera umesema ukweli na mzee angekubaliana na wewe, hiyo ya Nepal kwanza alilalamika hakujua mpaka imeisha. Lakini ni Testi anataka, na tangu Kenya ipoteze hadhi ya mechi za ova 50, zile za siku moja, mwaka 2014 timu kubwa haziji tena. Mwalimu asante sana, hayo ya siku mbili nimemtumia dada yangu screenshoti, bado hajajibu.

---

Sista_wa_Vihiga

Mimi kriketi naijua kidogo kupitia kwa bwana yangu ila kuna kitu hakuna mtu amegusa na kinaweza kuwarudisha mkiwa JKIA. Afrika Kusini wanataka kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa mtu anayetoka Kenya. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia. Sasa kwa mzee wa zaidi ya sabini msikimbie tu kumpeleka achomwe. Hiyo chanjo ikichomwa mara ya kwanza kwa mtu aliyepita miaka 60 hatari ya madhara makubwa inapanda, si wengi wanapata lakini ni kitu cha daktari kuamua akiwa amemwangalia, na kama ana dawa anameza za kila siku daktari azione zote. Akiona haifai anaweza kumwandikia barua ya kumwondolea hiyo chanjo.

Kwanza kabisa muulizeni kama aliwahi kuchomwa zamani, wazee wengi waliowahi kusafiri wanayo kadi kwa masanduku. Tangu 2016 kadi ni ya maisha yote, ata kama imeandikwa miaka kumi ndani bado inafanya kazi. Tafuteni hiyo kadi kabla hamjatafuta tiketi.

Na maji. Mtu wa umri huo anakaa kwa jua masaa sita na hatasema ana kiu juu anaogopa kukosa mpira. Nimeona hiyo kwa wazee ata kwa matanga tu.

---

Kapteni_Bondeni

Nakuru tena hapa. Mwalimu naheshimu lakini kwa nini Testi? Chukueni mechi moja ya ova 50 ya ziara hiyo hiyo, siku moja, mshindi anajulikana, mzee analala akijua nani alishinda. Ama mngoje Kombe la Dunia Oktoba na Novemba 2027, ni huko huko Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, ataona timu nyingi.

---

Mwalimu_wa_Section58

Kapteni, ova 50 mzee alishaona, tena aliona ile kubwa kuliko zote zilizochezwa nchi hii. Na nyingi sai ni za mchana kuingia usiku, mzee anatoka uwanjani usiku mji hajui. Testi inaanza asubuhi. Centurion huwa ni saa nne yao, kwetu ni saa tano, jioni mapema mko hotelini mmekula.

Halafu kuna vitu TV haitakuonyesha. Kamera iko nyuma ya mrushaji, mpira unakuja na kurudi, basi. Ukikaa ubavuni mwa uwanja ndio unaona kipa amesimama mbali kiasi gani Rabada, mrushaji wa kasi wa South, akirusha, unashtuka, hatua ishirini ama zaidi nyuma ya wiketi, na bado mpira unamfikia ukiwa kifuani. Unaona slipi, wale wadakaji wa kando ya kipa, wote wanainama pamoja. Unaona kapteni akimsogeza mtu mita mbili kwa kidole tu, na ova mbili baadaye unaelewa kwa nini. Mtu aliyeelewa vidole vya Collins anastahili kuona hiyo asubuhi nzima bila matangazo ya biashara katikati.

Kuhusu uwanja, mimi nasema Centurion japo Newlands ndiyo ina uzuri, ule mlima hapo nyuma hauna mpinzani. Sababu ni safari. Nairobi mpaka Johannesburg ni ndege moja kama masaa manne, kisha unapanda treni ya Gautrain pale pale OR Tambo, unabadilisha Marlboro, unashuka Centurion. Newlands unaongeza ndege ingine ya masaa mawili, na goti. Ubaya wa Centurion ni mvua ya radi, Desemba kule juu mawingu yanajikusanya mchana na jioni mnafukuzwa. 2021 Boxing Day hapo siku ya pili yote ilienda na maji. Cape Town mvua yao ni ya Juni na Julai, kiangazi ni jua na upepo. Kwa hivyo ni kuchagua kati ya hofu ya mvua na uchovu wa safari.

---

Atieno_wa_Kondele

Naongeza kitu moja ya sisi watu wa huku. Angalieni kalenda vizuri. Desemba 23, 24 dunia nzima inatoka Nairobi inakuja magharibi, wewe unaenda upande mwingine, nafasi ya Kisumu kwenda Nairobi inapatikana, ata basi. Lakini Newlands mtataka kutoka hapa tarehe moja ama mbili Januari, na hapo ndio kila mtu anarudi Nairobi na watoto wa shule na kuku na mchele, nauli inapanda mara mbili na mzee mtamkalisha stendi masaa. Mimi ningechagua Centurion kwa hiyo tu.

Shida ni Krismasi, kama mama yenu yuko na mlizoea kula pamoja, mzungumze naye kwanza. Msimwambie wiki ya mwisho.

Viza hakuna, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia South siku 90 kwa mwaka bila kulipa. Pasipoti ya mzee iwe na kurasa tupu na isiwe karibu kuisha, kama imeisha anzeni sai, Kisumu kuna ofisi ya uhamiaji msiende Nyayo House bure.

Na pale Centurion sehemu kubwa ni nyasi ya mteremko, watu wanatandika blanketi na kuchoma nyama siku nzima. Inapendeza kwa vijana. Mtu wa goti bonde hilo hapana, kushuka ni sawa ila kupanda kwenda choo mara nne kwa siku mtamuumiza. Mkate kiti cha jukwaani chenye paa, ata kama ni bei juu, punguzeni kwingine. Na mkate mapema, Waingereza wanasafiri na mashabiki wengi kuliko mtu yeyote, lile kundi lao la Barmy Army liko kila ziara na tarumbeta, na South wenyewe msimu wa 2025/26 hawakuwa na Testi ya wanaume nyumbani kwa sababu viwanja vinatengenezwa kwa Kombe la Dunia, kwa hivyo wana njaa ya Testi.

---

Jakriketi_Kisumu

Jamani mmenisaidia sana. Dada yangu amejibu, amesoma hiyo ya mipira 642 akanipigia simu badala ya kuandika. Amekubali siku ya kwanza na ya pili.

Tumeamua Centurion. Mama tumemwambia jana jioni, amesema Krismasi tule tarehe 23 watoto wote wakiwepo na yeye hataki kusafiri, anataka tu tumpigie simu ya video kila mapumziko ya chai aone kama mzee amekunywa maji. Sista wa Vihiga, hiyo ni kazi yako.

Kadi ya manjano mzee anasema anayo tangu enzi za kazi, alipelekwa Lagos na kampuni. Jumamosi tunafungua masanduku. Isipopatikana tunaenda kwa daktari kwanza venye umesema. Na Nabongo, timu yoyote ikizuru Gymkhana ama Lugogo kabla ya hapo tunampeleka, na tutaona goti linavumilia kukaa siku nzima ama la.

Kama kuna mtu mwingine wa Kisumu, Kakamega ama Nakuru anaenda Centurion aseme hapa, tukiwa wengi tunaweza kutafuta nyumba moja karibu na uwanja tugawane.

---

Kapteni_Bondeni

Niko ndani na bibi yangu, siku ya kwanza na ya pili. Nitaleta darubini, mzee aitumie yeye.