Nyumba ya Dani, kundi la familia (kwa Kijaluo Dani ni nyanya, Waya ni shangazi): Jumapili jioni

Anko Ouma: Nani amewafungulia watoto ile filamu ya simba, The Lion King, tena? Mara ya tatu tangu shule zifungwe. "Hakuna matata" kila saa, na matata yako hapa, tokeni za stima zimebaki mbili.

Mama Akinyi: Shem, waache. Angalau nyumba imetulia.

Akinyi: Mimi nimechoshwa na Scar, yule simba mbaya. Nilimwogopa nikiwa mdogo. Leo nimemtazama mpaka mwisho, hakuna mtu mle ndani.

Brayo: Wee! Scar? Na ile sauti ya Jeremy Irons?

Akinyi: Sauti ndiyo inambeba. Itoe, ubaki na nini? Anataka ufalme kwa sababu si wake. Basi. Anamtupa kakake, Mfalme Mufasa, chini kwenye nyumbu, anamfukuza Simba mtoto wa Mufasa, anakalia kiti. Halafu?

Brayo: Halafu njaa.

Akinyi: Njaa, na yeye amejilaza pangoni anachezea mfupa, yule ndege Zazu amefungiwa ndani ya mbavu za mnyama, fisi wanalia chakula. Hata raha ya kiti haioni! Angekuwa na mpango, hata mbaya, ningemfuata.

Anko Ouma: Huyo namjua. Kuna mmoja alipigania uenyekiti wa chama chetu miezi sita. Kuupata tu, mkutanoni hatukumwona tena 😂

Akinyi: Lakini Anko, huyo wenu mlijua kinachomwasha. Alitaka akipita sokoni Kibuye aitwe mwenyekiti. Scar anawashwa na nini?

Brayo: Si walieleza kwenye filamu ya Mufasa ya 2024? Scar aliitwa Taka, mtoto wa mfalme. Mufasa ndiye aliyeokotwa. Na lile kovu alilipata akimkinga Mufasa.

Akinyi: Ya kwanza ilitoka 1994! Maelezo ya miaka 30 baadaye ni kama kuleta mchango wa matanga watu wameshakunja hema. Na bado wakamgeuza kwa sababu Sarabi, simba jike aliyemtaka, alimpenda mwingine. Hiyo tu?

Mama Akinyi: Ngoja. Mtoto wa mfalme anaitwa Taka?

Anko Ouma: Kwani fisi si anaitwa Shenzi? Huko majina waligawa bila kuuliza mtu.

Waya Rose: Taka pia ni kutaka, msisahau. Kwangu ndilo jina linalomfaa kuliko yote. Kitenzi kisicho na shamirisho, yaani kutaka tu, bila kitu kinachotakwa.

Brayo: Waya, shule zimefungwa 🙏

Mama Akinyi: Kabla sijasahau, nani atapita ufuoni Dunga kesho aniletee samaki?

Brayo: Mimi.

Mama Akinyi: Haya. Dani amenisimamia hapa, nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: Nyamgondho wuod (mwana wa) Ombare alikuwa maskini, akavua mwanamke ziwani, akapata ng'ombe mpaka boma likajaa. Hakuwa mbaya. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana yule mama kwamba alimwokota majini. Mama akaondoka, ng'ombe wote nyuma yake, wakaingia ziwani. Yeye akabaki ameegemea fimbo yake mpaka akawa mti. Dani anasema yeye huyo simba hamwogopi, lakini Nyamgondho alimwogopa tangu utotoni, maana alikuwa akimwona kila jioni watu wakirudi kutoka kwa pombe.

Akinyi: Ndicho nilikuwa natafuta kusema tangu saa kumi!

Anko Ouma: Mbona nasikia Dani ananitaja mimi?

Mama Akinyi: Anacheka tu.

Anko Ouma: Sawa. Nimenunua tokeni za mia mbili. Na hao watoto wameirudisha mwanzo.