Foronya za vipande vya vitenge zinakunjamana baada ya kufuliwa: nimekosea wapi?

Mshonaji wa Tanga
Habari zenu wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikikusanya vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani wa mtaani kwetu, ambavyo wao huvifagia na kuvichoma jioni, nami huviunganisha kuwa foronya za mito ya makochi. Wiki iliyopita mteja alinirudishia mbili alizozifua mara moja tu: baadhi ya vipande vimevimba kama maandazi, mishono imejivuta, na wekundu wa khanga umetapakaa juu ya kipande cheupe. Uzi niliotumia ni mzuri na kila mshono niliupiga pasi. Nimekosea wapi?

Fundi Mkongwe
Dada, uzi hauna kosa. Umechanganya pamba na polyesta bila kujua, kwa kuwa siku hizi kuna vitenge vya polyesta vyenye michoro ileile ya vile vya pamba. Pamba hunywea inapofuliwa, ilhali polyesta hubaki na upana wake, kwa hiyo haina pa kwenda ila kuvimba. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye kila kitambaa, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, kisha uziwashe. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, lakini polyesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Angalia tu kwamba reyoni, kitambaa laini kinachotengenezwa kwa rojo ya miti, nayo huungua kama pamba, na hunywea kuliko pamba yenyewe.

Bibi Khanga
Hilo la moto ni kweli, ila halitamsaidia kwenye rangi. Mwanangu, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kipande chekundu, ukandamize kwa pasi ya moto. Kikitoka na doa, kipande hicho kifuliwe peke yake mpaka maji yawe meupe. Utaambiwa uloweke kwenye chumvi. Nimeloweka sana, na nyekundu iliendelea kutoka.

Mkata Vitambaa
Naafikiana na Bibi, isipokuwa kwamba vipande vidogo ukivifikicha vitafumuka nyuzi na kubaki nusu yake. Viloweke kwenye maji ya moto, rangi moja kila beseni, kisha uvianike vikiwa vimetandazwa. Jambo ambalo halijatajwa ni uelekeo wa nyuzi: mabaki ya fundi mengi hutoka kwenye mikato ya shingo na makwapa, hivyo kingo zake ni za mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka mkononi hata kabla hakijafika chini ya sindano. Kikate upya kwa kufuata nyuzi, japo utapoteza sehemu, uache sentimita 1 ya mshono, na ndani utie bitana ya pamba iliyokwisha kufuliwa.

Mshonaji wa Tanga
Ahsanteni sana, Bibi, shikamoo. Jana usiku nilichoma nyuzi za vitambaa kumi na viwili, na vitano viliyeyuka, kimojawapo kikiwa kile cha bluu ninachokipenda kuliko vyote na ambacho nimekwisha kukishona kwenye foronya sita zilizouzwa. Nimeanza kuwapigia wateja simu.