Naomba ushauri: mdogo wangu anachanganya tarehe, kesi itasimama kweli?

Habari zenu wadau. Mdogo wangu alikuwa karani kwenye kampuni moja hapa Industrial Area, Nairobi. Meneja alimsumbua kimapenzi kwa muda mrefu, mdogo wangu akamkataa, mwishowe akafutwa kazi. Tunataka kwenda Mahakama ya Ajira, Milimani.

Shida ni maelezo yake. Anakumbuka marashi ya yule meneja na sauti ya komeo la stoo, lakini ukimuuliza ilikuwa kabla ya Pasaka au baada, anaduwaa tu. Aliyowaambia watu wa HR na aliyoniambia juzi hayalingani. Tena alichelewa kuripoti, na kwenye WhatsApp aliendelea kumjibu "sawa bosi, asante". Mimi naelewa: mtu aliyeumizwa hivyo hukumbuka vipande vipande, na anayetegemea mshahara hawezi kumnunia mkubwa wake. Wakili wa kampuni ataelewa? Atasema ni mwongo.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji huu. Mdogo wangu hakuwahi kuonyeshwa yoyote. Muda wa kushtaki ni miaka 3, bado tumo.

Ripoti ya mshauri nasaha itamsaidia, ama wataitumia kumwita mgonjwa wa akili? Zile jumbe tuzitoe wenyewe mapema? FIDA, wale mawakili wanawake, nitaenda wiki ijayo, ila nataka nifike nikijua cha kuuliza. Na tafadhali, msiniambie amwachie Mungu. Hiyo shangazi ameshatuambia.